Arobaini na Nne, Arobaini na Nane

Mabela, mwezi wa saba, saa tisa alasiri.
Nimezima kiyoyozi, maana kipaza sauti changu
husikia kiyoyozi kabla ya kusikia mtu.
Nimetundika mablanketi matatu, nimefanya kijumba,
nimemkalisha Shangazi Shinuna ndani yake, juu ya kigoda.
Jasho linamtiririka hadi kidevuni.
"Mwanangu," anauliza, "unanirikodi au unanioka?"

Tunarikodi vitendawili vya wajukuu wake wa Ibri,
ambao Kiswahili chao ni "njoo" na "kula",
yaliyobaki ni Kiarabu.
"Kitendawili!" anasema, kisha anangoja.
Naitikia mimi, "Tega!"
Hakuna mwengine wa kuitikia.

Usiku nikafungua kazi, nikabonyeza.
Ikatoka sauti ya mwanamme.

Au karibu na mwanamme: nzito, inayojivuta,
kama mtu anayepanda ngazi na ndoo mbili.
Nikakagua waya. Nikakagua spika.
Nikazima, nikawasha, nikapiga bismillahi.
Nikamsingizia Shaji wa Ruwi, aliyeniuzia kadi ya sauti
kwa riyali kumi na nane na kiapo juu yake.
Shaji akacheka kwenye simu:
"Nambari, ndugu yangu. Tazama nambari."

Nikatazama.
Programu inasema elfu arobaini na nane.
Kompyuta inasema elfu arobaini na nne na mia moja.
Kumbe kila sekunde ya Shangazi
ilikatwa vipande elfu arobaini na nane,
vyembamba kuliko vitunguu vya pilau ya harusi,
na mlaji, mwenye mdomo mdogo,
anakula elfu arobaini na nne na mia moja,
anapumua,
vilivyobaki anavila katika sekunde inayofuata.
Hakuna kilichopotea. Hakuna kilichotiwa.
Ila dakika sasa ina sekunde sitini na tano,
na hizo tano
mimi sikuzikopa kwa mtu.

Dawa yake naijua: mibofyo miwili, nambari zipatane.
Kidole kilikuwa tayari.
Shangazi alikuwa mlangoni, gilasi ya laban mkononi.
"Rejesha nyuma."
Nikarejesha.
"Tena."
Akaweka gilasi juu ya spika, mahali ninapomkataza.
"Huyo Humud," akasema.

Humud, kaka yake. Baba yangu.
Dereva wa tangi la maji, Izki hadi Adam, miaka thelathini,
aliyeongea kana kwamba kila neno linakatwa mshaharani.
Arobaini yake haikuwa na nne wala nane,
ilikuwa arobaini kavu: khitma, halwa, kahawa,
viti vya kukodi vikapakiwa kwenye gari kabla ya adhuhuri.
Nyumba nzima ina simu saba
na hakuna aliyewahi kumrikodi.
Dada yake alimjua kwa neno moja.
Mimi, mwanawe, nilikagua waya.

"Shangazi, hili ni kosa la mipangilio."
"Kosa la nani?"
"Mashine mbili. Hazijaelewana hesabu."
Akanywa laban yake, akafuta mdomo kwa ncha ya leso.
"Basi waache wasielewane.
Yeye na mimi tulielewana lini?"

Wajukuu walipelekewa iliyo sahihi.
Waliisikiliza mara moja, wakaniletea kidole gumba.
Hii nyengine siwezi kuihifadhi kama ilivyo,
faili ni lile lile, kosa limo katika kompyuta tu;
nikirekebisha, Baba anaondoka,
Shangazi anarudi, mwepesi, mwenye haraka zake.

Kwa hiyo kila Ijumaa, watu wakishatoka kula,
naingia kwenye mipangilio, naharibu kwa mkono wangu.
Nazima kiyoyozi, ingawa siku hizi hakuna haja.
Shangazi anavuta kigoda.
"Ki… te… nda… wili."
Anaangaliana nami.
Safari hii anaitikia yeye.